Nchi Jirani na Juhudi za Kupunguza Mimba Zisizotarajiwa

Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilitoa taarifa yake ya kila mwaka, na ndani yake ilikuwamo hesabu moja iliyostahili kusomwa mara mbili. Hesabu hiyo ilieleza kwamba kila mwaka, duniani kote, hutungwa mimba zipatazo milioni 121 ambazo hazikutarajiwa, nazo ni karibu nusu ya mimba zote. Ilieleza pia kwamba katika kila mimba 10 za namna hiyo, 6 huishia katika kutolewa, na nyingi kati ya hizo hutolewa kwa njia za hatari.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki, wala halikuanza na taarifa hiyo. Kwa zaidi ya miaka 60 nchi zilizotuzunguka zimekuwa zikishughulika nalo, kila moja kwa njia yake, na kila moja imepata mafanikio yake na makosa yake. Kwa hiyo katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tutaitazama historia hiyo katika Kenya, Tanzania na Rwanda, kisha tujiulize sisi wa Uganda tunapata somo gani. Wahenga walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini kabla ya kutia maji yafaa kwanza kujua mwenzako alinyolewaje, na kama wembe ulimkata.

Yafaa tuanze kwa kuliondoa kosa moja. Wako watu wanaodhani kwamba mpango wa uzazi ni jambo la kigeni, lililoletwa na Wazungu ili Waafrika wapungue. Ni kweli kwamba vidonge, sindano na vitanzi vilitoka nje, kama ilivyotoka nje dawa ya malaria. Lakini nia ya kuwapa watoto nafasi kati yao ni ya kale kabisa. Bibi zetu walinyonyesha kwa miaka miwili na zaidi, na desturi nyingi zilimzuia mume asimkaribie mkewe mpaka mtoto apate nguvu. Waswahili wanalo neno la kumlaumu mzazi aliyeivunja desturi hiyo: husema amembemenda mtoto, yaani amemdhoofisha kwa kutojizuia. Neno kama hilo haliwezi kuzaliwa katika jamii isiyofikiri juu ya nafasi ya uzazi.

Kilichotokea ni kwamba desturi hizo zilidhoofika kabla ya kupatikana kitu cha kushika mahali pake. Vijana walihamia mijini, wake wakaishi na waume zao chumba kimoja bila bibi wala shangazi wa kuwaangalia, na mafunzo ya jando na unyago yakapungua au yakaachwa. Wakati huo huo chanjo na dawa ziliwaokoa watoto wengi waliokuwa wakifa zamani. Hilo lilikuwa jambo jema lisilo na shaka. Lakini mama aliyezaa mara nane akilea watano alijikuta sasa anawalea wote wanane, juu ya shamba lile lile.

Tuanze na Kenya. Zahanati za kwanza za kupanga uzazi zilifunguliwa Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1950, kwa jitihada za watu binafsi. Mwaka 1962 vikundi vilivyokuwapo viliungana kuwa Chama cha Mpango wa Uzazi cha Kenya. Baada ya Uhuru, Wizara ya Mipango ya Uchumi, ambayo waziri wake alikuwa Tom Mboya, iliwaalika wataalamu kutoka Marekani mwaka 1965 kuichunguza hali ya idadi ya watu. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha mpango wa taifa, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini ya Sahara kuufanya mpango wa uzazi kuwa shughuli rasmi ya Serikali.

Matokeo yalikuwaje? Miaka 10 baadaye, katika uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978, ilionekana kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vile vya juu kabisa duniani. Kati ya wanawake walioolewa, asilimia 7 tu ndio waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Hesabu ya watu, iliyokuwa milioni 8.6 mwaka 1962, ilifika milioni 15.3 mwaka 1979. Kwa ufupi, mpango ulikuwapo katika karatasi, lakini haukuwa umeingia nyumbani kwa watu.

Sababu zake si vigumu kuziona. Zahanati zilikuwa chache na nyingi zilikuwa mijini, ilhali watu walikaa shambani. Viongozi wa siasa walilikwepa jambo lenyewe katika hotuba zao, kwa kuwa kila kabila liliogopa kupungua mbele ya jingine. Zaidi ya hayo, mpango ulielezwa kwa lugha ya uchumi wa taifa: asilimia ya ongezeko, akiba, matumizi ya Serikali. Mama wa kijijini hazai kwa ajili ya asilimia. Yeye hujiuliza kama mtoto aliye mgongoni ataishi, kama mumewe atakasirika, kama dawa itamdhuru, na kama muuguzi atamtangaza kwa majirani. Maswali hayo hayakujibiwa.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1980. Mwaka 1982 liliundwa Baraza la Taifa la Idadi ya Watu na Maendeleo, na mwaka 1984 Serikali ilitoa waraka wa Bunge ulioweka mwongozo wa siasa ya idadi ya watu. Lakini lililokuwa na maana kubwa kuliko waraka ni kwamba huduma ilitoka hospitali ikaenda vijijini. Hospitali ya misioni ya Chogoria, katika mteremko wa Mlima Kenya, ni mfano unaotajwa mara nyingi. Hospitali hiyo ilifungua zahanati ndogo ndogo na kuwatumia watu wa kujitolea waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wakapita nyumba hadi nyumba wakiwa na vidonge mfukoni na maneno ya heshima kinywani. Katika eneo hilo idadi ya waliotumia njia za uzazi wa mpango ilipita kwa mbali ile ya nchi kwa jumla. Mwaka 1987 radio ya taifa ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza ulioitwa Ushikwapo Shikamana, na televisheni ikaonyesha mwingine ulioitwa Tushauriane. Wakati huo pia ada za shule zilikuwa zikiwabana wazazi, na mashamba yaliyogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, yalikuwa yamebaki vipande.

Uchunguzi wa mwaka 1989 ulikuta kwamba wastani wa uzazi umeshuka hadi watoto 6.7, na asilimia 27 ya wanawake walioolewa wanatumia njia fulani. Mwaka 1998 wastani ulikuwa 4.7 na watumiaji asilimia 39. Katika miaka 20 Kenya ilikuwa imepita njia ambayo mataifa mengine yaliipita kwa miaka mingi zaidi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo ningependa wasikilizaji walishike vizuri kuliko yote ya leo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, fedha na fikira za wafadhili ziligeukia UKIMWI. Hakuna awezaye kulaumu jambo hilo, kwa maana watu walikuwa wakifa. Lakini fedha za mpango wa uzazi zilipungua, wagawaji wa vijijini wakaachwa bila msaada, na dawa zikawa zinakwisha katika ghala. Uchunguzi wa mwaka 2003 ulikuta watumiaji wamesimama pale pale kwenye asilimia 39, na wastani wa uzazi umepanda kidogo kufika 4.9. Mwaka 1998, katika watoto waliozaliwa miaka ya karibuni, kiasi cha 1 katika kila 10 mama zao walisema hawakutaka tena mtoto. Mwaka 2003 wakawa karibu 1 katika kila 5.

Sababu moja iko wazi kwa anayejua dawa hizi zinavyofanya kazi. Njia iliyopendwa na wengi ilikuwa sindano, ambayo humlinda mwanamke kwa miezi mitatu. Mwanamke aliyetembea saa mbili akakuta sindano hazipo, akaambiwa arudi juma lijalo, huenda asirudi tena peke yake. Barabara moja iliyokatika, au hati moja ya manunuzi iliyochelewa kutiwa sahihi katika mji mkuu, hugeuka kuwa mimba katika kijiji ambacho mtia sahihi hatakiona kamwe.

Kenya ilijifunza. Tangu mwaka 2005 Serikali yenyewe ilianza kutenga fedha za dawa hizo katika bajeti yake. Tangu mwaka 2013 bei ya vipandikizi, yaani vijiti vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono na kumkinga mwanamke kwa miaka mitatu au mitano, ilipunguzwa kwa karibu nusu kwa makubaliano ya kimataifa, na wanawake wengi wakavichagua. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani wa uzazi ulikuwa watoto 3.4, na watumiaji asilimia 63. Hata hivyo wastani huo unaficha tofauti kubwa. Katika kaunti ya Embu wanawake 3 katika kila 4 walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa, na katika Mandera ni 2 tu katika kila 100. Katika nchi nzima, asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, lakini katika Samburu walikuwa nusu yao. Safari ya Kenya, basi, imefika mbali kwa upande mmoja wa nchi, na kwa upande mwingine haijaondoka nyumbani.

Sasa tuvuke mpaka twende Tanzania. Huko chama cha uzazi wa mpango kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, na baadaye kikawa cha nchi nzima kwa jina la Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, yaani UMATI. Jina hilo lina busara. Halikutaja kuzuia wala kupunguza. Lilitaja malezi bora, jambo ambalo hakuna mzazi anayelipinga. Kuanzia mwaka 1974 Serikali iliiweka huduma ya mpango wa uzazi katika zahanati zile zile za mama na mtoto. Kwa hiyo mwanamke aliyeleta mtoto kupimwa uzito aliweza kuulizia uzazi bila jirani kujua amefuata nini. Hata hivyo maendeleo yalikwenda polepole, na katika uchunguzi wa mwaka 1991 na 1992 ni asilimia 7 tu ya wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa, baada ya zaidi ya miaka 30 ya kazi.

Ndipo ukaja wakati ambao sisi watu wa radio tunapenda kuukumbuka. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mlevi na mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu, aliyeteseka kwanza, kisha akajifunza kujitegemea. Mchezo huo haukumhubiria mtu. Msikilizaji aliona mwenyewe mwisho wa Mkwaju na mwanzo mpya wa Tunu, akaamua.

Kilichoufanya mchezo huo ujulikane hata ng'ambo ni jinsi ulivyopimwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuutangaza, bali ulitangaza vipindi vyake vya mahali. Wataalamu wakapata nafasi ya kulinganisha mikoa iliyosikia na mkoa usiosikia, kwa kuwauliza watu na kwa kuchungulia madaftari ya zahanati. Ilionekana kwamba mahali mchezo uliposikika, wake na waume walizungumza zaidi juu ya uzazi, na waliofika zahanati kuanza njia za kisasa waliongezeka kuliko mahali ambapo haukusikika. Mwaka 1995 Dodoma nayo ilipoanza kuupokea, mabadiliko yakaonekana huko pia. Wakati huo huo zahanati zenye huduma zilitiwa alama ya Nyota ya Kijani, ili mtu aliyeshawishika na radio jioni ajue asubuhi aende wapi. Jambo hili la pili lisisahauliwe. Kuwaamsha watu bila kuwapa mahali pa kwenda ni kupiga ngoma ya harusi ambayo chakula hakikupikwa.

Tanzania nayo ilikuwa na kuyumba kwake. Mwaka 2018, baada ya kiongozi wa nchi kuwaambia wananchi hadharani kwamba hakuna haja ya kupanga uzazi, matangazo ya mpango wa uzazi katika radio na televisheni yalisimamishwa. Kwa miaka kadhaa pia msichana aliyepata mimba alizuiwa kuendelea na masomo katika shule za Serikali, mpaka uamuzi huo ulipobadilishwa mwezi wa Novemba 2021. Waliozuia walisema wanalinda maadili. Lakini kumfukuza msichana shule hakukumzuia mwenzake asipate mimba. Kulimwongezea tu aliyeanguka jiwe la pili juu ya mgongo. Kwa mwaka 2022 wastani wa uzazi Tanzania ulikuwa watoto 4.8, na wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Miaka michache kabla, katika uchunguzi wa 2015 na 2016, walikuwa 27.

Jirani wetu wa tatu ni Rwanda. Nchi hiyo ni ndogo, kilomita za eneo zipatazo 26,000 tu, na vilima vyake vimelimwa kutoka bondeni hadi kileleni. Katika uchunguzi wa mwaka 1983 mwanamke wa Rwanda alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya 8. Serikali ilikuwa imeunda Ofisi ya Taifa ya Idadi ya Watu mwaka 1981, na polepole watu walianza kuikubali huduma, hata mwaka 1992 asilimia 13 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Zahanati ziliporwa, wauguzi wakauawa au wakakimbia, na mamia kwa maelfu ya watu wakapotea. Baada ya msiba kama huo, nani angethubutu kumwambia mama aliyezika watoto wake wote kwamba apunguze kuzaa? Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilinyamaziwa, na ukimya huo ulikuwa na ubinadamu ndani yake. Mwaka 2000 watumiaji wa njia za kisasa walikuwa asilimia 4 tu.

Kuinuka kwa Rwanda kutoka hapo ndiko kunakostahili kuchunguzwa. Mwaka 2010, miaka 10 tu baadaye, watumiaji walikuwa asilimia 45, na katika uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 wakafika asilimia 58. Wastani wa uzazi, uliokuwa 6.1 mwaka 2005, ulishuka hadi 4.1. Hayo hayakuletwa na amri. Yaliletwa na mambo yanayoonekana kwa macho: bima ya afya iliyowafikia watu wa kawaida, zahanati zilizolipwa kwa kadiri ya kazi zilizoifanya, na wahudumu wa afya waliochaguliwa na kila kijiji, ambao tangu mwaka 2010 walianza kuruhusiwa kuwapa wanawake vidonge na sindano karibu na nyumbani.

Rwanda ilikutana pia na tatizo linalotukabili sote, nalo ni dini. Sehemu kubwa ya hospitali na zahanati za huko ni za Kanisa Katoliki, ambalo halikubali njia za kisasa. Serikali haikugombana na Kanisa, wala Kanisa halikulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Palipokuwa na zahanati ya Kanisa isiyotoa huduma hiyo, Serikali ilijenga kituo kidogo karibu nayo, na Kanisa likaendelea kuwafundisha wanandoa njia ya kuhesabu siku. Mwananchi akawa na milango miwili, akachagua kwa dhamiri yake. Tukilinganisha na ugomvi uliotokea mahali pengine, kama ule wa mwaka 2014 nchini Kenya, ambapo maaskofu waliishutumu chanjo ya pepopunda kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya wanawake tasa, Serikali ikakanusha na wananchi wakabaki katika hofu, tunaona thamani ya kuzungumza mapema.

Kwa kweli hofu ya wananchi haikutoka hewani. Nchini India, katika kipindi cha hali ya hatari cha mwaka 1975 hadi 1977, mamilioni ya watu walifungwa uzazi, wengi wao kwa kulazimishwa au kutishwa. Wananchi walijibu kwa kura zao mwaka 1977 na Serikali ikaanguka, lakini jina la mpango wa uzazi lilibaki na doa kwa miaka mingi. Kwa hiyo mkutano wa dunia uliofanyika Cairo mwezi wa Septemba 1994 ulipokubaliana kwamba msingi wa kazi hii uwe haki na afya ya mtu mwenyewe, wala si hesabu ya idadi inayotakiwa na Serikali, ulikuwa ukisema jambo lililogharimu machozi ya watu.

Sasa turudi nyumbani. Uganda haikuchelewa kuanza. Chama chetu cha Mpango wa Uzazi kiliundwa mwaka 1957, kabla ya kile cha Tanzania. Lakini misukosuko ya miaka ya 1970 na ya mwanzo wa 1980 iliziacha hospitali zikiwa majengo tu, na katika uchunguzi wa mwaka 1988 na 1989 wastani wa uzazi ulikuwa watoto 7.4. Siasa ya taifa juu ya idadi ya watu ilitolewa mwaka 1995. Tangu hapo tumesonga mbele, na kufikia mwaka 2022 wastani ulikuwa umeshuka hadi 5.2. Lakini iko hesabu moja ambayo imekataa kusonga. Mwaka 2006, katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 25 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Mwaka 2011 walikuwa 24; mwaka 2016 wakawa 25; mwaka 2022 wakawa 24. Wasichana waliohesabiwa mwaka 2006 leo ni mama wa vijana, na binti zao wamesimama mahali pale pale waliposimama wao.

Mwandishi wa mazungumzo haya aliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja isiyo mbali na mpaka wetu wa mashariki, akisubiri kumhoji mganga. Pembeni yake alikaa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Muuguzi alitoka akasema sindano zimekwisha. Mama yule hakulalamika. Alihesabu fedha zilizokuwa katika kona ya kitambaa chake, akauliza nauli ya kuvuka kwenda upande wa pili, akasikia, akafunga tena kitambaa na kurudi nyumbani. Hakuna aliyeandika jina lake katika daftari, kwa sababu madaftari huandika waliohudumiwa.

Hali hiyo yaweza kuwa mbaya zaidi. Mwaka 2025 Marekani, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa mpango wa uzazi duniani, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Nchi zetu zote nne zilikuwa zikitegemea fedha hizo kwa kadiri mbalimbali. Anayeikumbuka Kenya ya mwaka 2003 hahitaji mnajimu wa kumweleza yanayoweza kufuata. Safari ile fedha zilihamia ugonjwa mwingine. Safari hii sehemu kubwa imeondoka.

Basi historia ya jirani zetu inatufundisha nini? Kwanza, kwamba dawa ikosekanapo leo, mimba haisubiri bajeti ya mwakani; kwa hiyo fedha za huduma hii hapana budi zitoke kwanza katika mfuko wetu wenyewe, na msaada uwe nyongeza. Pili, kwamba huduma humfuata mtu kijijini kwa mikono ya mtu anayemwamini, kama ilivyokuwa Chogoria na katika vijiji vya Rwanda. Tatu, kwamba radio na viongozi wana nguvu ya kufungua mazungumzo kati ya mume na mke, na wana nguvu ile ile ya kuyafunga. Nne, kwamba dini na Serikali zinaweza kukaa katika mtaa mmoja bila kupigana, zikiheshimiana. Tano, kwamba kulazimisha huharibu, na kuadhibu hakuponyi.

La mwisho linawahusu vijana. Katika nchi zote tulizozitaja, huduma iliwafikia wenye ndoa kabla ya kuwafikia wasichana, kwa sababu wazee tuliona haya kuzungumza. Zamani kazi hiyo ilifanywa na shangazi, naye hakuona haya. Alimkalisha mpwa wake chini akamweleza kila kitu kwa majina yake. Shangazi huyo sasa yuko mjini, au hayupo duniani, na mahali pake pamekaliwa na marafiki wa shuleni na wanaume wenye fedha za kununua soda. Kama sisi wazazi, walimu, wauguzi na watangazaji hatutaki kukikalia kiti chake, basi tusishangae kwamba hesabu ile ya wasichana 24 katika 100 haisogei.

Mtoto ni baraka, na lugha zetu zote zinasema hivyo. Wazee wetu hawakukusudia baraka hiyo imjie msichana wa darasa la saba katika giza la njia ya kisimani, wala imjie mama ambaye damu ya uzazi uliopita haijakauka. Walikusudia apokewe na mikono iliyomngojea. Zahanati, dawa, wahudumu wa vijiji na michezo ya radio ambayo jirani zetu wamehangaika nayo kwa miaka 60 vina kazi hiyo moja tu: kuiacha mikono ipate wakati wa kungojea.